Upepo Wetu na Feni ya Sadiq

Jeconia Amolo,
Mwalimu Mstaafu,
Nyumba za Bi Mabrouka, nyuma ya Ayany,
Kibera, Nairobi.

23 Agosti 1996

Ndugu Mhariri,

KUHUSU: PINGAMIZI LA WENYEJI DHIDI YA MITAMBO YA UPEPO

Pokea salamu zangu, na kabla hujaiweka barua hii pamoja na zile nyingine, nakuomba uisome hadi mwisho. Najua kwamba ofisini kwako kuna faili yenye jina langu. Karani wako alinionyesha mwezi wa tatu nilipokuja kulalamikia vichwa vya habari vyenu, na nakiri kwamba nilijivunia unene wake. Leo siandiki kuhusu vichwa vya habari. Naandika kuhusu upepo.

Mambo yalianza hivi. Mwezi wa tano mwaka huu, Sadiq, mwana wa Bi Mabrouka mwenye nyumba wangu, ambaye ni fundi wa magari, alisimamisha nyuma ya vyumba vyetu bomba refu la maji. Juu ya bomba aliweka altaneta ya lori, ile mashine ya kuzalisha umeme, mabawa matatu yaliyokatwa kutoka kwenye pipa la mafuta, na mkia wa bati. Upepo ukivuma, mabawa huzunguka na kutia nguvu betri za magari ambazo majirani humletea. Mwenye betri iliyojaa huwasha taa nyumbani kwake na kufungulia redio. Wenyeji wameuita mtambo huo Feni. Nimewaeleza mara nyingi kwamba feni huleta upepo na mtambo huu huupokea, lakini jina limeshika.

Sasa kuna shirika ambalo lilikuja kuiona Feni, likaipiga picha kutoka pande zote nne, na kuahidi kujenga mitambo mingine mitano, mikubwa zaidi, kuanzia kwetu hadi karibu na reli. Sharti lao ni moja: wenyeji wasiwe na pingamizi. Wametoa muda hadi mwisho wa mwezi huu. Pingamizi, kama utakavyoona, limepatikana, na mimi ndimi niliyelitafuta.

Ili nisionekane mtu mwenye hila, nitataja maslahi yangu mapema. Nina redio. Tangu mke wangu alipofariki, miaka tisa iliyopita, huiweka dirishani kila jioni, nikasikiliza matangazo ya vifo, nikaandika majina katika daftari, kisha nikawasomea watu wanaorudi kutoka vibaruani. Sisi tuliotoka upande wa ziwa tunajua uzito wa jambo hili. Jina likitajwa leo, kesho kuna mtu lazima apande basi. Mwezi wa nne, kabla ya Feni, watu kumi na wanane au ishirini walikuwa wakisimama mlangoni kwangu. Wiki iliyopita walikuja wanne, na mmoja alikuwa anamtafuta kuku wake. Wengine wana betri, na wenye betri wana redio zao. Jioni hunikuta na daftari mkononi nikiwasomea watu watatu na mwenye kuku. Sitaki kulifanya jambo hili kubwa kuliko lilivyo. Lakini sina jingine la kufanya jioni.

Malalamiko yetu, kwa utaratibu, ni haya yafuatayo.

1. Kivuli. Redio yangu hutumia mawe manne, yaani betri ndogo za dukani. Mawe yakiishiwa nguvu, kila mtu hapa anajua la kufanya: huyaanika juu ya bati, juani, nayo hupata uhai wa siku mbili au tatu zaidi. Hivyo ndivyo nilivyoishi kwa amani na mawe yangu hadi Sadiq alipoleta mabawa yake. Kivuli cha mabawa hayo hupita juu ya bati langu bila adabu. Siku ya Jumanne nilikaa nje na saa yangu ya mkono, na kati ya saa nne na saa sita mchana nilihesabu kivuli kikipita juu ya mawe mara mia nne na kumi na mbili, ndipo nikasinzia. Agosti hapa Nairobi jua lenyewe ni la kubahatisha, na hicho kidogo kinakatwakatwa kama sukumawiki. Jua ni nguvu safi, ya bure, isiyomsumbua jirani. Sioni kwa nini mtu mwenye akili atafute nguvu angani kwa njia nyingine yoyote.

2. Kelele. Nimesoma kwamba katika nchi nyingine wenyeji hulalamikia mvumo wa mitambo hii, na nikaona haifai sisi tubaki nyuma. Tatizo ni kwamba kwetu kuna kinu cha kusagia mahindi, kuna wachomeleaji wawili, kuna ngoma za kanisa siku ya Sabato, kuna adhana, na kuna jirani anayefundisha tarumbeta. Kwa hiyo kelele ya Feni haisikiki. Ili niwe na ushahidi niliazima ngazi, nikapanda juu ya nyumba nikiwa na umri wa miaka sitini na minane, na nikaweka sikio kwenye bomba. Bi Mabrouka alitoka jikoni akaniona.

"Mwalimu, unatafuta nini juu ya nyumba yangu?"

Nikamjibu kwamba nasikiliza kelele.

"Kelele ziko huku chini, baba. Shuka usikilize, na chai iko tayari."

Nilishuka, kwa msaada wa Sadiq, ambaye alinishikilia miguu kwa heshima kubwa. Hata hivyo naweza kuthibitisha mbele ya baraza lolote kwamba ukiweka sikio kwenye bomba, linavuma.

3. Upepo wenyewe. Hili ndilo lalamiko zito. Upepo unaopita kwetu ulikuwa mali ya wote. Ulifanya kazi mbili: kukausha nguo na kuondoa harufu ya mtaro. Sasa huingia kwenye Feni ukiwa na nguvu, na kutoka ukiwa umechoka. Jirani yangu Filister, anayefulia watu wa mtaa wa Ayany, alianika mashuka siku ya Jumatatu na yakakauka Jumatano. Nilimweleza sababu. Yeye akasema, "Mwalimu, ni Agosti." Sikukubaliana naye, ingawa nilifundisha Jiografia kwa miaka thelathini na mmoja, na mwezi wa Agosti ulikuwamo katika muhtasari wa masomo.

Nikiri pia kwamba baadhi ya wazee walikuwa tayari kusema kuwa baridi yote ya mwezi wa saba ililetwa na Feni. Nilijua si kweli. Nilikoroga tu chai yangu, kwa sababu nilihitaji wazee.

4. Mandhari. Kutoka mlangoni kwangu nilikuwa nikiona mtaro, jaa la taka, na mbali kidogo mapaa ya Ayany. Sasa naona mtaro, Feni, jaa la taka na mapaa ya Ayany. Wale korongo wakubwa wenye vipara waliokuwa wakitua kwenye jaa wamehamia upande wa pili. Sijawahi kuwapenda korongo hao, lakini walikuwa wetu.

5. Suala la Opondo. Opondo ni bawabu pale Ayany, na kwa miaka yote tisa hajakosa kupita kwangu kabla ya kuingia kazini. Tarehe sita mwezi huu mawe yangu yalikufa katikati ya matangazo, kwa sababu niliyoitaja katika namba moja. Jioni hiyo hiyo baba mdogo wake Opondo alitangazwa. Opondo alilisikia jina kwa Magdaline, muuza samaki wa kukaanga, ambaye redio yake hutumia betri iliyotiwa nguvu na Feni na husikika hadi barabarani. Alisafiri usiku huo na akawahi mazishi.

Unaweza kuuliza kosa la Feni hapo liko wapi. Nami nilijiuliza. Kosa ni kwamba aliporudi alikuja kwangu na kuketi kitini pake, akanishika mkono akasema, "Pole sana Mwalimu. Najua ingekuwa mawe yako ni mazima, ungeniambia wewe." Mtu amefiwa, na yeye ndiye anayenipa pole mimi. Sijawahi kuaibishwa kwa upole wa namna hiyo. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nimeketi gizani na redio iliyokufa magotini, naisikia ya Magdaline kwa mbali, na kiburi kikanizuia kutoka nje nikasikilize. Sikumwambia. Nakuambia wewe kwa sababu hunijui.

6. Kabiro. Nisieleweke vibaya. Siupingi umeme wa upepo. Naunga mkono umeme wa upepo kwa moyo wangu wote, mradi uwe Kawangware. Nilimwandikia rafiki yangu Mzee Kavoi, karani mstaafu wa reli anayeishi Kabiro, hukohuko Kawangware, nikamweleza kwamba kwa ukarimu wetu tuko tayari kuwaachia mitambo yote mitano. Nilitarajia naye apinge, kwa kuwa hatujakubaliana juu ya jambo lolote tangu mwaka wa 1958. Alijibu kwa mistari miwili. Alisema Kabiro wataichukua yote mitano, na hiyo ya Sadiq pia kama tumeichoka. Tangu nisome jibu hilo nimekosa raha. Kuna namna ya kupewa unachokitaka ambayo humfanya mtu ajiulize.

7. Kutoshirikishwa kwa wananchi. Hakuna aliyetuuliza. Niliamua kuitisha mkutano wa wenyeji, na kwa kuwa mimi ni mtu wa sheria, nilikwenda kuomba kibali. Afisa aliyekuwapo aliniuliza mkutano unahusu nini. Nikasema unahusu upepo. Akasema kwamba kwa wakati huu nchi haihitaji mikutano kuhusu upepo, na akaniuliza kama nina chama. Nikasema nina chama cha walimu wastaafu. Aliandika jambo fulani kwenye karatasi, nami nikaondoka nikitembea haraka kuliko nilivyokuja.

Kwa hiyo nilibadili njia, nikaandaa orodha ya sahihi. Juu yake niliandika kichwa cha maneno sitini na saba, ambacho nakihesabu miongoni mwa sentensi bora nilizowahi kuandika. Kinaanza, "Sisi, wenyeji tuliotia sahihi zetu hapa chini, tukiwa na akili timamu na bila ya kushurutishwa na mtu yeyote," na kuendelea. Jumamosi asubuhi niliketi na meza mbele ya mlango wangu. Mimi mwenyewe sikutia sahihi, kwa kuwa niliona katibu hapaswi kujiingiza katika hesabu anayoisimamia.

Ndugu Mhariri, nilifundisha watoto elfu kadhaa lakini sijawahi kuona hamu kama ile. Kufikia saa moja asubuhi mstari ulikuwa umefika kisimani. Wengi walikuja na vitambulisho bila kuambiwa. Mwanamume mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hii list ni ya Feni?" Nikamwambia ndiyo, ni ya Feni. Akasema, "Basi niandike mimi na dadangu, ako kazini." Mwingine alitaka niandike vyumba viwili. "Kimoja ni cha kuku, lakini wewe andika tu." Nikaelewa kwamba anataja ukubwa wa madhara aliyoyapata, nikaandika. Mama mmoja mjamzito aliuliza kama aliye tumboni naye anahesabiwa. Niliguswa kuona mama anavyokihurumia kizazi kijacho. Kila mmoja aliuliza itaanza lini. Niliwaambia mambo yataanza mara tu gazeti litakapochapisha, nao wakasema Mungu akubariki, na mmoja akaniletea maziwa.

Magdaline alitia sahihi. Opondo alitia sahihi. Filister alitia sahihi na kuwasogeza waliotaka kupita mbele: "Wewe kijana, rudi nyuma, hapa hakuna njia ya mkato." Bi Mabrouka alisimamia vyumba vyake vyote kumi na vinne. Sadiq mwenyewe alipoona mstari alituletea benchi, akasimama kando akitabasamu, na mwisho akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nililiona hilo kama uungwana wa mtu anayekubali kushindwa, na nikamheshimu zaidi. Mzee Kavoi naye alitoka Kabiro kwa miguu, akavaa miwani, akasoma kichwa chote polepole, akasema, "Nimekubaliana nawe kwa mara ya kwanza, Amolo," na akatia sahihi kwa mwandiko wa karani wa reli.

Jumla ya waliotia sahihi ni watu mia mbili na kumi na wanne. Orodha imeambatishwa. Sijui kama katika jiji hili kumewahi kutokea pingamizi la kauli moja namna hiyo.

Kutokana na hayo, tunaomba yafuatayo. Mitambo mitano isijengwe kwetu. Feni iliyopo iteremshwe, au, ikishindikana, ifungwe kamba kuanzia saa kumi na moja jioni hadi matangazo ya vifo yaishe. Ikishindikana hata hilo, iwe marufuku kufungulia redio yoyote katika hatua mia mbili kutoka mlangoni kwangu wakati wa matangazo hayo. Na kama marufuku hiyo itaonekana kali, basi shirika la utangazaji liombwe kunitumia majina ya marehemu saa moja kabla ya kuyatangaza, ili watu wa hapa wayasikie kwangu kwanza, kama ilivyokuwa desturi. Nimeyapitia maombi haya mara mbili. Kila moja linafuata kutoka kwa lililotangulia, na nashangaa yalivyonifikisha mbali.

Nafunga kwa kukutakia afya njema na wino wa kutosha. Wasalimie wahariri wasaidizi, wapiga chapa, yule karani wa faili, na mchoraji wenu wa vibonzo, ambaye Desemba iliyopita alichora mzee mwenye kalamu nyekundu akimfukuza mtu barabarani. Mwambie kwamba nilijitambua na kwamba koti halikuwa hivyo.

Wako mwenye kuheshimu maandishi,

Jeconia Amolo
(Katibu, Kamati ya Kulinda Upepo wa Kibera)

Tanbihi:

Barua hii ilikuwa tayari ndani ya bahasha, na nilikuwa natafuta gundi, Filister alipopita na ndoo yake na kuniuliza, "Mwalimu, ile list ya stima umeipeleka?"

Nikamwambia kwamba si orodha ya kuomba umeme. Ni orodha ya kuikataa stima. Akadhani namtania, kwa hiyo nikamsomea kichwa chote, maneno sitini na saba. Aliitua ndoo akasikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kama mtu anayesikiliza Maandiko.

Kisha akasema, "Hayo maneno ni mazuri sana. Lakini Mwalimu, hapa kwetu mtu akipita na karatasi ya majina, sisi tunajua kuna kitu cha kupewa. Ni nani amewahi kupita hapa kuuliza watu hawataki nini?"

Nimekaa Kibera miaka ishirini na miwili na sikumbuki aliyewahi kupita kuuliza hivyo, isipokuwa mimi, Jumamosi iliyopita.

Filister hakunicheka. Alitoka nje tu akawaambia watu kwamba orodha bado iko kwa Mwalimu, kila mtu aje ahakikishe jina lake halijaachwa. Ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni. Walikuja, Ndugu Mhariri. Walijaa mlangoni, wakajaa na kwenye benchi la Sadiq, na Magdaline akazima redio yake ili wasikie. Nikasoma majina yote, taratibu, kwa sauti ile ile ya kila jioni, na kila nilipotaja jina, mwenyewe aliitika. Wengine waliitika na kutaja idadi ya vyumba vyao. Kwa miaka tisa nimesimama mlangoni hapo na orodha mkononi, na sijawahi kusoma majina ambayo wenyewe wanajibu. Nilipofika mwisho walitaka nirudie, kwa wale waliochelewa. Nilirudia.

Kwa hiyo nakuomba, kama nafasi gazetini ni ndogo, barua uiache. Chapisha majina peke yake, na juu yake uandike kwamba hawa wanaomba umeme wa upepo, na kwamba shirika lijulishwe kabla ya mwisho wa mwezi. Maneno sitini na saba uyatupe. Nimeshayakata hapo kwa kalamu nyekundu.

Kuna rekebisho moja tu. Kati ya watu mia mbili na kumi na wanne, aliyesoma alichokuwa anatia sahihi ni mmoja, namba 131, Mzee Kavoi, naye anaitaka mitambo hiyo Kabiro. Mfute. Mahali pake uandike Jeconia Amolo, chumba kimoja, taa moja na redio. Idadi itabaki ile ile.